Baiskeli ya Mkunga

6 Februari

Kwa dada yangu,

Shikamoo dada. Natumai barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na wajawazito wako wanakuja mmoja mmoja, si kwa mafungu. Mimi nimefika salama. Wifi yako hajambo, watoto hawajambo, na wamenikalia kooni wakiuliza kama ni kweli shangazi yao anaishi kisiwa kisicho na gari hata moja. Nimewaambia ni kweli, hata taka zinazolewa kwa mkokoteni. Hawaamini. Mtoto wa mjini ukimwambia kuna barabara isiyo na honi anaona unamtungia ngano.

Kwanza kabisa, samahani. Niliahidi kurudisha baiskeli yako saa sita, nikairudisha saa kumi na kitu, na boti yangu ilikuwa ya kumi na moja. Nilikuta mlango umefungwa, nikaiegemeza ukutani chini ya dirisha la jiko, funguo nikazitia ndani ya kiatu chako cha mvua, nikakimbilia gatini na begi kichwani. Nimeondoka bila kukuaga baada ya kula na kulala kwako siku nne. Jambo hilo limenikaa rohoni njia nzima. Najua utanisamehe, ndiyo kazi niliyokupa tangu nikiwa na miaka sita.

Lakini dada, siku ile! Nilitoka kwako saa mbili, jua bado changa. Nikapita duka la mikate, yule bwana akanipungia mkono wenye unga. Nikapita shule, imefungwa kwa kuwa ni Jumamosi, madawati mawili yameachwa nje. Hakuna aliyenipita kwa kasi wala hakuna aliyenitukana. Mjini nikipanda baiskeli shingo haitulii, kila saa nageuka nyuma kutazama ni gari gani linakuja kuniua. Kule kwenu nilisahau hata kama nina mgongo. Nikikutana na mtu, anapiga kengele na mimi napiga kengele, tunasalimiana, tunapita. Mzee mmoja alinisimamisha kuniuliza habari za bara kana kwamba mimi ndiye gazeti.

Na baiskeli yenyewe! Mpe pongezi zangu Fundi Nati. Mnyororo aliokutilia wiki ile unakwenda kama umepakwa siagi, breki zinashika bila kulia. Nilizunguka kisiwa chote, polepole, nikashuka pale ncha ya kusini penye ile miti mirefu ya majani kama sindano. Nilikuwa nimenunua mkate na soda mbili, nikazipanga kwenye sanduku lako la bati pale nyuma, pembeni ya mikasi na makorokoro yako. Usinigombeze, niliziviringisha kwenye taulo. Nikala, nikajinyoosha kwenye majani, nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue kibanda changu cha kunyolea, hakuna kichwa cha mtu mbele yangu. Miaka kumi na moja, dada. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa sidaiwi chochote na mtu yeyote kwa saa nzima.

Natumai hukuwa na safari siku hiyo. Ulisema mwenye siku za karibu zaidi bado ana wiki tatu, basi nikajipa moyo.

Niandikie.

Mdogo wako,
Kinda


2 Machi

Kwa dada yangu,

Shikamoo tena, na tena. U mzima kweli? Hapa tu wazima, isipokuwa mtoto wetu wa mwisho ana mafua, na wifi yako anasema ni mimi niliyemletea upepo wa kisiwani kwenye begi.

Karibu mwezi mzima na sijapata hata mstari. Nimehesabu: boti ya barua inakuja huko mara mbili kwa wiki, kwa hiyo umepitisha boti saba bila kunijibu. Wewe ambaye hukawii kujibu hata barua ya mtu mwenye hila. Nilitaka kupiga simu ya zahanati nikakumbuka ulivyonifokea mwaka juzi kwamba ile ni simu ya wagonjwa, si ya wanaotaka kuulizana wamekula nini.

Kama umekasirika kwa sababu ya baiskeli, sema. Nigombeze. Kimya chako kinanifanya nitembee kibandani nikijigonga kwenye viti. Jana nilimnyoa mteja mmoja upande mmoja, nikamfungua kitambaa, nikamwambia tayari. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha kwenye kioo.

Kuna jambo limetokea?

Mdogo wako,
Kinda


19 Machi

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia wifi na watoto hawajambo. Mafua ya mtoto mpe maji ya vuguvugu, usimpe dawa ovyo. Mimi mwili hauna neno.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaiandika kama ninavyoandika kwenye daftari la zahanati, maana nikiiandika vingine sitaimaliza.

Siku ile uliyochukua baiskeli, saa sita na nusu, mume wa Mwalimu alikuja mbio kuniita. Mwalimu ni yule anayefundisha darasa la kwanza, mwembamba, ulimwona gatini siku uliyofika, tumbo lake mbele kama ameficha mpira. Ndiye niliyekuambia bado ana wiki tatu. Uchungu ulimshika ghafla akifua. Mumewe alinipa baiskeli yake, nikaenda. Kwa hiyo si kwamba nilikosa usafiri. Nilikosa sanduku.

Wewe unaliita sanduku la makorokoro. Ndani yake mna kila kitu ninachozalishia, na mna kile kibarakoa kidogo chenye puto la kuminya, cha kumpa hewa mtoto anayezaliwa bila kulia. Zahanati nzima inacho kimoja. Sanduku nimelifunga kwenye baiskeli kwa nati nne ili nisilisahau kamwe nikiitwa, na miaka kumi na tisa sijalisahau.

Mtoto alizaliwa saa nane na dakika ishirini. Wa kike. Hakulia. Nilimpulizia kwa mdomo wangu mpaka macho yakaingia giza. Mwalimu alikuwa ananiuliza, "Mbona kimya? Mbona kimya?" Hakupata pumzi hata moja.

Labda hata kwa kile kifaa asingeishi, nimewahi kuona. Labda angeishi, hilo nalo nimeliona. Sitajua kamwe, na wewe usijaribu kunituliza kwa neno lolote kuhusu hilo.

Sasa sikiliza. Mume wa Mwalimu aliponiuliza sanduku liko wapi, neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Nilisema mnyororo umekatika huko mbali na ndugu yangu anaisukuma baiskeli akirudi kwa miguu. Ukiulizwa na mtu yeyote, sema hivyo hivyo. Na usimwandikie mtu wa huku jinsi mnyororo ule ulivyokuwa mzuri. Barua yako ya kwanza nimeificha.

Usijitese kupita kiasi. Mimi ndiye niliyekupa baiskeli bila kufungua zile nati nne. Spana ilikuwa dirishani. Niliona uvivu.

Dada yako


28 Machi

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nimesoma barua yako kibandani, mteja akiwa kitini na povu shavuni. Nilimwomba aende zake. Akaondoka hivyo hivyo na povu lake, akidhani nimefiwa. Sikumsahihisha.

Nililala nikitazama juu. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba sikuwa nadaiwa chochote na mtu yeyote, nikakutumia maneno hayo, na wewe ukayasoma baada ya kumzika mtoto wa watu. Na zile soda. Nilizitoa kwenye taulo lako, taulo jeupe, nikajipangusa nalo mikono. Lilikuwa la mtoto, sivyo? Usinijibu hilo.

Mungu akulipe kwa ulivyonifunika. Toka nivunje kioo cha jirani ukasema ni wewe, toka nipoteze mbuzi wa baba ukasema ulimfungua wewe, sikumbuki kosa langu hata moja ambalo halikupitia mgongoni mwako. Nitasema mnyororo ulikatika. Nikiulizwa nitasema nilisukuma.

Wifi yako nimemwambia nusu. Nusu nyingine imenikwama kooni, mkate haupiti.

Mwambie Mwalimu pole. Hapana, usimwambie kitu.

Mdogo wako,
Kinda


15 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Natumai umeanza kula. Mwanaume asiyekula anamtia mkewe wasiwasi bure, na wifi hana kosa.

Nakuandikia kwa ajili ya Fundi Nati. Nilidhani uongo wangu utakufa wenyewe kama moto wa karatasi. Sikufikiri kwamba mnyororo una mwenyewe.

Unajua kisiwa hiki. Hapa hatuna gari, hatuna pikipiki, mikate inakuja kwa baiskeli na maiti inakwenda kwa mkokoteni wenye magurudumu ya baiskeli. Mtu anayekaza nati za watu wote ni mmoja. Na kila mtu alijua kwamba mnyororo wangu ulikuwa mpya na ni yeye aliyeutia, siku tano tu kabla.

Siku ya pili baada ya mazishi alikuja kwangu na spana mkononi. Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali. Mnyororo ukazunguka vizuri, bila hata mlio. Akazungusha tena. Halafu akaniuliza, "Ulikatika wapi, Mkunga?"

Nilinyamaza. Mimi, ambaye wanawake wananikoma kwa mdomo.

Akachuchumaa, akaufungua mnyororo ule mzima akautia mfukoni, akanifungia mwingine wa zamani. Aliposimama akasema, "Basi ulikatika. Fundi wa baiskeli watapata mwingine. Mkunga hawatapata." Akaenda zake. Wanawe wote watano nimewazalisha mimi.

Tangu hapo hajanikana hata mara moja. Watu wakimuuliza, anasema, "Bahati mbaya, chuma ni chuma." Wameacha kumpelekea baiskeli. Wanazipakia kwenye boti kwenda bara kutia kiraka tu. Mwezi uliopita mume wa Mwalimu alikwenda kibandani kwake akakibeba kile kisanduku chake cha nati na kukimwaga barabarani, pale kwenye mteremko wa gati. Zikatawanyika mpaka majini. Fundi alipiga magoti akaziokota moja moja, watu wanapita pembeni yake. Nami nilipita. Nilikuwa naenda kumpima mjamzito, nikapiga kengele ili anipishe.

Nikimwona Mwalimu naona mtoto. Nikimwona Fundi, najiona mimi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naiona ndefu, na kila asubuhi naipita kwa baiskeli.

Nifanye nini? Nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Dada yako


9 Mei

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima wa mwili.

Umeniuliza ufanye nini, nami nimekaa na swali lako wiki tatu kama mtu aliyepewa mtoto wa kumshikia na mwenyewe haonekani. Kabla sijajibu, kuna jambo inabidi nikuambie. Nilisema nusu nyingine imenikwama kooni. Hii hapa.

Niliambiwa.

Ulinieleza siku niliyofika kwamba kisiwani kwenu ujumbe husafiri kwa baiskeli, unamwambia anayepita, naye anamwambia anayepita, mpaka unafika. Ulifika, dada. Ilikuwa saa saba, nilikuwa nimetazama saa muda huo huo. Mwanamke mmoja mgeni, mwenye kofia ya ukili, alisimama akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye baiskeli ya mkunga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wanasema mkunga ana mama anajifungua upande wa shuleni, anahitaji baiskeli yake upesi." Nikasema, "Haya, asante, naenda."

Akaenda zake. Nadhani aliondoka kwa boti ya saa nane, kwa hiyo huko hakuna anayejua. Nikasimama. Nikapangusa suruali. Halafu nikaona soda ya pili bado haijafunguliwa.

Nilijiambia ni wewe tu unaniharakisha, kama zamani ulivyokuwa ukiniita niache mpira nije kuoga. Nilijiambia mwanamke huchukua saa nyingi kuzaa, wifi yako alichukua siku nzima na usiku wake. Nilijiambia utapata baiskeli nyingine, kisiwa kimejaa baiskeli. Sanduku sikulifikiria kabisa, ingawa ndilo nililoegemea. Nikakaa tena. Nikanywa polepole. Niliondoka saa tisa.

Kutoka pale hadi shuleni ni nusu saa ya kukanyaga pedali. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyosali maishani mwangu. Ningefika saa saba na nusu. Ulisema saa nane na dakika ishirini.

Hiyo ndiyo siku nzuri niliyokuandikia. Sasa unajua unamfunika nani.

Ufanye nini, sijui. Kuja siwezi. Nimejaribu kuandika barua kwa Mwalimu nimeichana mara tatu. Maji yakimwagika hayazoleki. Labda watu watasahau, labda Fundi atapata kazi bara. Naandika hivi na naona haya ninavyoandika.

Mdogo wako,
Kinda


21 Julai

Kinda,

Mimi sijambo.

Barua yako ilifika Mei. Nimeisoma mara moja, sijairudia.

Nilidhani ulichelewa kwa kutojua. Nilisema uongo kwa ajili ya mtu aliyepitiwa na usingizi chini ya mti, mtu ninayemjua, mvivu wangu niliyemlea. Yule mtu aliyeambiwa mama anajifungua akafungua soda, huyo simjui. Au namjua, na ni mimi niliyemtengeneza, kioo kimoja baada ya kingine, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Hilo ndilo linaloninyima amani. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini sisi tumemlisha Fundi Nati, ambaye si wa kwetu.

Anaondoka. Boti ya Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na tisa. Kibanda amekivunja, mbao amempa mwenye duka la mikate. Nilikwenda kumwambia nitasema ukweli, akasema, "Mkunga, ngoja kwanza nivuke. Nikiwepo watataka niseme kitu, na mimi sina cha kusema." Nikamkatalia. Miezi mitano nimengoja, inatosha.

Basi jana nilikwenda kwa Mwalimu. Nilimkuta na mumewe. Nilisema mnyororo haukukatika, nilisema uongo, na Fundi alijua akaninyamazia. Mume alitoka nje akakaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. Mwalimu aliniuliza jambo moja tu. "Sasa ndugu yako alikuwa anafanya nini?"

Nikasema sijui.

Nimesema uongo mwingine, unaona. Lakini huo ni wa mwisho, na sikuusema ili nikufunike. Nimesema yaliyo yangu. Hilo ni lako, na safari hii silichukui.

Mimi


30 Julai

Kwa dada yangu,

Shikamoo, ukiipokea. Natumai u mzima. Watu wa duka la mikate wamenipa salamu nikufikishie, wakidhani nakuja kwako.

Nilikuja. Jana, Jumamosi. Naandika leo nikiwa nyumbani, maana utasikia kwa watu, na nataka usikie kwangu pia.

Nilifika gati la bara asubuhi wakati boti inashusha watu. Nikamwona mzee anashuka na baiskeli iliyofungwa mizigo pande zote mbili na kisanduku cha chuma mikononi, kizito, anakikumbatia. Nikamjua kabla sijamjua. Nikamwomba nimsaidie. Akanipa. Tulitembea mpaka stendi ya mabasi, na kile kisanduku kinalia ndani kila nikikanyaga. Tulipofika nikamwambia, "Mimi ndiye ndugu wa mkunga."

Akasema, "Najua. Mna pua moja."

Nikamwambia yote, la yule mwanamke wa kofia, la soda. Nikamwomba arudi nami, nitasema mbele ya watu wote. Akasikiliza huku akikaza kamba za mizigo. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeshavuka. Sasa vuka wewe." Basi likaja, akapanda. Hakunilaani. Heri angenilaani.

Nikavuka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu kwa miguu, njia ile ile, shule ile ile. Watu walipiga kengele kunisalimu, hawakujua wanamsalimu nani. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya darasa la kwanza, kalamu nyekundu mkononi, mume yuko jikoni. Nilikaribishwa kiti nikakataa, nikasema nitasimama. Nikajitaja. Sikujua pa kuweka mikono yangu.

Aliniuliza, "Ulikuwa umelala?"

Dada, mlango ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa ananipa njia, nafikiri alikuwa anajipa njia yeye mwenyewe. Ningesema ndiyo, tungepumua wote wawili. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Nilikuwa macho. Niliambiwa saa saba, nikasema naenda, nikakaa."

Akasema, "Afadhali ungekuwa umelala."

Halafu akarudi kwenye daftari. Akaweka alama, akageuza ukurasa, akaweka nyingine. Nilibaki nimesimama mpaka mumewe alipotoka jikoni akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu, akanitoa. Alichukua baiskeli yake lakini hakuipanda. Aliisukuma kando yangu mpaka gatini, njia nzima. Alingoja mpaka boti ikaondoka. Nilipotazama nyuma bado alikuwa pale.

Nilipita mbele ya nyumba yako mara mbili. Mara ya pili nilikusikia ndani unakohoa. Nilishindwa kubisha. Nimezoea kuingia kwako kama mtu anayekuja kusamehewa, na jana sikuwa na haki ya kuomba hilo. Baiskeli yako ilikuwa pale chini ya dirisha. Sikuigusa.

Sijui kama nimefanya kitu au nimewaumiza tu mara ya pili. Wifi yako sasa anajua yote. Hajasema neno tangu jana, lakini amenitengea chakula.

Mdogo wako,
Kinda


4 Novemba

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo hayo ya siku zote. Natumai wifi ameanza kusema nawe. Kama bado, ngoja, usimsukume.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijue nina cha kukuambia.

Habari za hapa ni hizi. Baada ya safari yako watu walijua yote kabla ya Jumatatu. Wazee wa kisiwa walimwandikia Fundi Nati kumwomba arudi, karibu kila nyumba imetia sahihi. Sahihi ya kwanza ni ya mume wa Mwalimu. Amejibu kwa heshima kwamba anashukuru, ila huko soko limemzoea. Nilimfuata mwenyewe bara mwezi uliopita. Alinipa kigoda nikakaa. Nikasema nilichokwenda kusema, naye akasikiliza akiwa amemshikia mteja gurudumu. Mwishoni akasema, "Hayo yameisha, Mkunga, breki zako zinasemaje?" Nilipokuwa naondoka akakumbuka sijampa baiskeli, niliiacha kisiwani, akacheka. Mimi nililia kwenye boti mpaka nikaona aibu kwa mabaharia.

Kwangu wanawake wanakuja wachache. Wengine wanavuka bara wiki mbili kabla ya siku zao, wanakaa kwa ndugu wakingoja. Hawaniambii kwa nini, nami siwaulizi. Sanduku nimelifungua kwenye baiskeli. Ziliniuma vidole zile nati, zimeshika kutu. Sasa linakaa mlangoni, nikiitwa nalibeba begani kama mtu wa posta. Mwezi huu nimezalisha mmoja, wa kiume, alilia kabla hajamaliza kutoka. Nilikaa nikamsikiliza akilia, mama yake akaniuliza kama kuna tatizo.

Mwalimu simpati. Tukikutana ananiamkia, ananipisha, basi. Siku moja alisimama akasema, "Ndugu yako alisema kweli." Sikujua kama ni sifa au ni mzigo ananirudishia. Kauli hiyo nimeileta kwako kama nilivyopewa.

Sasa sisi. Uliniandikia ulinisikia nikikohoa. Nami nilikuona, Kinda. Nilikuwa nyuma ya pazia la jiko mara zote mbili. Ningefungua ungeingia, ningekupikia, ningekutandikia, na kufikia asubuhi ningekuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kusema kwamba kosa halikuwa lako. Najijua. Kwa hiyo nilishika kitasa nikangoja upite. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kukufanyia, na sijui kama nilifanya vyema.

Nimekukasirikia sana. Nakukumbuka sana pia, hasa Jumamosi. Vyote viwili viko, hakuna kinachomtoa mwenzake.

Wasalimie watoto. Waambie shangazi yao anaishi kweli mahali pasipo na gari, na siku moja watakuja wapande baiskeli. Wao waje na mama yao wakati wowote, hata likizo hii, nimeshafua mashuka.

Wewe usije bado.

Dada yako